Baba Alikataa Kuchota Choo Usiku

Ashukuriwe Mungu, aliyetulisha kwa kazi ambayo wengine waliizibia pua. Leo mafuta ya taa yamemwagika jikoni kwangu, na harufu yake imenirudisha mjini Kitengela, kwenye ploti ya vyumba vya mabati vya kupanga.

Baba alikuwa mchota vyoo. Lori la kunyonya maji taka halikuweza kupita kwenye vichochoro vya huko, kwa hiyo watu walimwita yeye na ndoo zake. Kila mara alimwaga kwanza mafuta ya taa shimoni kupunguza uvundo, kisha alishuka.

Siku moja mwenye ploti, mama wa kanisa letu, alimzuia mlangoni. "Mzee, hii kazi si ya mchana. Kuja usiku, watu wasione."

"Mwenzangu alitumbukia usiku, Mama. Tulimpata asubuhi, amekufa."

"Basi nitatafuta mwingine."

"Tafuta. Mimi niko na watoto. Nitashuka nikiona mahali ninakanyaga."

Choo kilikuwa kimejaa hadi juu. Mpangaji mmoja aliyekuwa akifua akainua kichwa. "Mama, kwani sisi tulikijaza usiku?"

Wapangaji wakacheka. Mwenye ploti akafungua mlango, na Baba akapita na ndoo zake, polepole, katikati yao wote.

Hakuwahi kushuka shimoni gizani. Alizeeka, akafia kitandani mwake, tukiwa tumemshika.

Nawe unayesoma, Bwana akubariki, wala usiionee haya mikono iliyokulea.