Wiki Nane za Fundi Mguu

Dada yangu anatengeneza miguu. Watu wakisikia hivyo hudhani natania, lakini ndiyo kazi yake kwa miaka ishirini na moja sasa: karakana ya viungo bandia nyuma ya hospitali, meza ndefu ya mbao, magunia ya plasta, na ukutani miguu imetundikwa kwenye kulabu, ya kulia upande mmoja na ya kushoto upande mwingine. Mtaani wanamwita Fundi Mguu, na yeye huitika. Mimi ni mdogo wake, mwalimu wa hesabu, na niseme mapema kwamba katika habari hii mimi sikuwa upande wa haki.

Karakana yao ilijua kutengeneza mguu wa mtu aliyekatwa chini ya goti. Aliyekatwa juu ya goti alipewa magongo na pole, basi. Goti lenyewe, la kukunja na kukunjua, hawakuwa na fundi wake. Siku moja ikaja barua: iko karakana kubwa ng'ambo inayofundisha kutengeneza magoti kwa miezi sita, na hospitali yao imepewa nafasi moja. Mafunzo yote ni kwa Kihispania. Atakayekwenda atasoma kwanza lugha kwa wiki nane, akiishi nyumbani kwa wenyeji, kisha atafanya mtihani wa kuongea. Akifaulu, anaingia karakana Jumatatu inayofuata. Akishindwa, anapanda ndege kurudi, na nafasi inakwenda hospitali nyingine.

Barua iliposomwa mafundi wenzake wawili, wote wadogo kwake, walianza kuchunguza viatu vyao. Dada, mwenye miaka arobaini na sita na asiyejua neno hata moja la Kihispania, akasema atakwenda yeye.

Nilimweleza nilivyoona, kwa sababu mimi sijui kumung'unya maneno. "Dada, Kiingereza chenyewe ulikikimbia sekondari. Hicho kingine utakiweka wapi?"

"Nafasi ipo," akasema. "Si nilikikimbia kile?"

Basi akaenda. Nyumba aliyopangiwa ilikuwa ghorofa ya pili juu ya saluni, na mwenye saluni ndiye mwenyeji wake: msusi mjane wa miaka sitini na kitu, mfupi, mwenye sauti ya kuita watu kutoka ng'ambo ya barabara. Siku ya kwanza mama huyo alijigusa kifua akataja jina lake mara tatu, polepole, ili mgeni alishike. Dada alilishika vizuri kabisa, ila hakulitumia hata siku moja. Mtu aliyemzidi miaka ishirini, atamwitaje kwa jina? Alimwita Mama, na msusi akachoka kukataa.

Chumba chake kilikuwa na kitanda chembamba, meza, na dirisha linalotazama kamba za nguo za jirani. Alikuwa amebeba utepe wa karatasi wenye gundi, ule mweupe wa kuwekea alama kwenye plasta, na ndani ya siku mbili nyumba nzima ilikuwa na vibandiko: mlango una jina, sufuria ina jina, swichi ina jina. Msusi alipomkuta anabandika kwenye kioo cha saluni, akamnyang'anya kalamu, akamsahihishia herufi mbili, akambandikia yeye mwenyewe kibandiko mgongoni. Dada alitembea nacho hadi darasani. Mpaka leo hajui kilisemaje, maana kila aliyekisoma alicheka tu.

Darasani walikuwa tisa, wanane kati yao vijana ambao angeweza kuwazaa. Mwalimu alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, mwenye nywele fupi na subira ya kupimwa kwa kijiko. Sheria yake ilikuwa moja: kuanzia kizingiti cha mlango ni Kihispania peke yake, na atakayeteleza anafuta ubao. Wiki ya kwanza Dada alifuta ubao mpaka mkono ukamuuma. Alinitumia ujumbe wa sauti kila adhuhuri alipotoka, na wiki hiyo sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekalia mwiba. Vijana wanashika maneno kumi wakati yeye bado anapambana na la pili. Wakiulizwa wanajibu. Yeye akiulizwa anatoa macho, darasa zima linasubiri, na mwalimu anatabasamu lile tabasamu la kumhurumia mtu, ambalo Dada hulichukia kuliko matusi.

Nilimpigia nikamwambia hakuna aibu kurudi. Akakata simu. Nadhani ndiyo siku aliyojifunga kibwebwe kweli.

Kesho yake alimwendea mwalimu na mguu wake mwenyewe. Aliuweka juu ya kiti, akagusa paja, akanyanyua nyusi. Mwalimu akataja. Akagusa goti, kifundo, kisigino, unyayo. Kisha akaonyesha kukunja, kunyoosha, kuuma, kubana, kulegea. Haya alikuwa ameyashika kwa mikono miaka ishirini na moja, kwa hiyo majina yalipokuja yalikuta mahali pa kukaa. Jioni alishuka saluni akamwambia mteja wa msusi, kwa maneno manne, kwamba kiatu chake kinambana kidole. Mama wa watu alivua kiatu pale pale, na kweli kidole kilikuwa chekundu. Tangu siku hiyo saluni ikawa darasa la pili. Wateja walikaa chini ya vile vikausha nywele wakipayuka kwa sababu hawasikiani, na hakuna lugha inayosikika vizuri kuliko ya watu wanaopayuka. Dada alifagia nywele, akasikiliza, akauliza magoti yao yanaendeleaje. Wiki ya tano alijua habari za nusu ya mtaa, na alianza kuwa na maoni juu yake.

Wiki ya sita ukafanywa mtihani wa majaribio. Dada aliingia akiwa na moyo mweupe, na alitoka kapa.

Mtihani wenyewe ulikuwa wa dakika kumi na mbili. Unaingia, unakaa, unapewa picha ya watu sokoni au kituoni, unaielezea, unatoa maoni, unaulizwa maswali mawili, umemaliza. Dada aliingia akamsalimia mwalimu. Akauliza ameamkaje. Akauliza nyumbani hawajambo. Akauliza mama yake mwalimu, aliyewahi kumsikia akitajwa, anaendeleaje na mafua, na baba je, na yule ndugu aliye safarini amefika salama? Alipofika kwenye kazi na uchovu wa juma, dakika tano zilikuwa zimekwisha, na picha haijaguswa. Mwalimu aliandika sifuri kwenye safu nzima ya maelezo ya picha.

Mwalimu alimweka chini akamweleza kwa upole. Neno moja la salamu linatosha. Kaa, chukua picha, anza. Wakajaribu tena siku ya pili. Dada aliingia, akasema hilo neno moja, akakaa, akachukua picha, na ulimi ukaganda. Si kwamba hakujua maneno. Alikuwa anaona aibu. Aliniambia ilikuwa sawa na kuingia nyumba ya watu ukapita moja kwa moja kufungua kabati. Alisema sentensi tatu, zote mbovu, akanyamaza. Sifuri nyingine.

Usiku ule alinipigia simu. "Mdogo wangu," akaniambia, "watu wangu watabaki na magongo kwa sababu mimi siwezi kutazama picha ya soko."

Nilikuwa nimeshasema ya kwangu yote kabla hajaondoka.

Siku ya mtihani msusi alimsuka nywele vizuri, akampa shali yake ya bluu, akafunga saluni asubuhi nzima, jambo ambalo wateja wake walilisema kwa wiki mbili. Walikwenda pamoja hadi chuoni, ghorofa ya kwanza, korido yenye viti vya plastiki. Mwalimu alikuwa pale, anauma kalamu. Alimkumbusha mara ya mwisho: neno moja, kaa, picha.

Mtahini alikuwa mzee mnene wa miaka kama sabini, aliyetoka chuo kingine, asiyemjua mtu pale. Aliinuka kumfungulia mlango mwenyewe, kisha akarudi mezani kwake, hatua saba. Dada alizihesabu kwa sababu anahesabu hatua za kila mtu. Bega la kushoto lilikuwa linashuka kila mguu wa kushoto ulipokanyaga, na kisigino cha kiatu hicho kilikuwa kimelika upande wa nje hadi kwenye soli.

Alisema lile neno moja. Akakaa. Mtahini akamsogezea picha, imelala kifudifudi, akatazama saa.

Dada akaiangalia ile karatasi. Kisha akasema moyoni kwamba kama ni kushindwa, atashindwa akiwa mtu mwenye adabu. Akaiacha pale pale, akamuuliza mzee ameamkaje. Mzee akajibu ameamka vizuri. Akamuuliza mgongo nao umeamkaje.

Mzee akaweka kalamu chini. Akauliza nani amemwambia habari za mgongo wake.

Kiatu, Dada akasema. Na bega. Akamweleza kwamba mguu wa kushoto ni mfupi kidogo kuliko wa kulia, kwamba si wa kuzaliwa maana mwili bado haujauzoea, na kwamba asubuhi akiinuka kitandani lazima nyonga inalalamika mpaka atembee kidogo. Akauliza aliumia lini. Mzee akasema pikipiki, miaka tisa iliyopita. Dada akauliza ilikuwaje, naye akasimulia. Pale asipoelewa alimsimamisha akauliza, na pale mzee alipotaka kuruka mambo ya hospitali alimrudisha. Kisha akamwambia asimame.

Fikiria mwenyewe. Mtahiniwa, ameketi, anamwamuru mtahini asimame atembee mpaka dirishani na kurudi. Mzee alitembea. Dada alipiga magoti sakafuni na shali ya watu, akapima kwa vidole, akamwambia afanye nini: amwone daktari wa mifupa apimwe vizuri, kisha fundi viatu aongeze soli kidogo kidogo, si yote kwa siku moja, na asisikilize mtu atakayemwambia ni uzee. Mzee alibisha kwamba daktari wake wa zamani alishasema ni uzee. Dada akamwambia uzee ungeshika miguu yote miwili, maana yote ina umri mmoja.

Mzee alicheka mpaka mwalimu kule nje akasikia, na akadhani mambo yamekwenda segemnege.

Zilikuwa zimebaki dakika mbili. Mtahini akafuta macho, akaifunua picha, akasema kanuni ni kanuni. Ilikuwa stesheni. Dada, ambaye sasa alikuwa amewiva na hana tena wa kumwonea aibu, aliielezea kwa dakika moja: nani anasafiri, nani anasindikiza, yupi amekuja kwa kuchelewa, na yule wa kona amebeba mzigo kwa mkono usiofaa. Dakika iliyobaki aliitumia kuagana vizuri.

Walisubiri koridoni nusu saa. Mwalimu alimuuliza kama alianza na picha. Dada akasema hapana. Mwalimu akafunika uso. Msusi, ambaye hakuelewa wanalia nini wakati matokeo bado, aliwaambia wote wawili wanyooshe migongo.

Mtahini akatoka mwenyewe, hakutuma karatasi. Alisimama mbele ya Dada akasema kwamba fomu ile inamtaka apime kama mtu anaweza kuelezea, kuuliza, kushauri, kubisha kwa heshima na kusimulia jambo lililopita, na kwamba katika miaka yake yote hajawahi kuyapata yote kwa mtu mmoja kabla hata ya picha.

"Jumatatu saa mbili," akasema. "Karakanani. Usichelewe, fundi."

Msusi alimkumbatia mwalimu, mwalimu akamkumbatia mtahini, ambaye nyonga yake haikupenda. Dada aliwashukuru mmoja mmoja, akateremka ngazi taratibu, akatoka nje, akakaa kwenye benchi la barabarani, na hapo maji yakazidi unga. Alilia kwa sauti, kilio cha wiki nane, na shali ya watu ikalowa. Mpita njia akasimama kumuuliza amefiwa na nani. Dada akamweleza hajafiwa, akamweleza habari ya magoti, na watu wa nyumbani waliokuwa wanangoja, na mzee wa pikipiki. Akaja mwingine na mbwa wake, akamweleza naye kuanzia mwanzo. Wa tatu alikaa kabisa.

Kisha akanipigia simu. Nilikuwa chumba cha walimu, chaki mkononi, nikapokea kabla haijalia mara ya pili. Hata hakuita jina langu. Alianza moja kwa moja kwa Kihispania, haraka, bila kupumua, akicheka na kulia pamoja, akipanda na kushuka, akiniuliza maswali na kuyajibu mwenyewe. Alikuwa amesahau anaongea na nani. Wenzangu walikuwa wananitazama kwa sababu machozi yalikuwa yananitoka na sikuwa nayafuta. Sikuelewa neno hata moja, na sikumkatiza mpaka alipomaliza.