Moto wa Mabua

Jirani anachoma majani makavu asubuhi hii, na moshi umeingia hadi jikoni kwangu. Nimefunga dirisha, lakini tayari niko shambani kwetu, nje ya Tabora, nina miaka minane.

Kijijini ilikuwa marufuku kuchoma shamba bila kibali cha mtendaji. Mama hakuwa nacho. Mvua zilikuwa zinakaribia, akawasha mabua hivyo hivyo. Upepo ukageuka. Moto ukaruka mpaka wa shamba, ukashika bani la jirani, alimokaushia tumbaku yake yote ya msimu. Tuliupiga kwa matawi mabichi, harufu ile kali ikitukaba koo, mpaka paa likaporomoka.

Mtendaji alifika na mgambo wawili. Mama akasema hajui moto umetoka wapi. Mtendaji akachuchumaa mbele yangu.

"Mwanangu, nani amewasha?"

Nilimtazama Mama. 

"Yule mchunga ng'ombe," nikasema.

Mtu mzima yule alikuwa ameacha ng'ombe wake malishoni kando ya mto akaja mbio kutusaidia kuzima. Bado alikuwa ameshika tawi mkononi.

"Dada, mwambie basi," alimsihi Mama. "Si umeniona nikitokea kule mtoni?"

Mama akainama kukung'uta majivu kwenye kanga yake. Wakamfunga mikono, wakaondoka naye, huku akigeuka geuka kututazama.

Jioni Mama aliniogesha. Alinisugua masizi vidoleni, kimoja kimoja, taratibu kuliko siku zote, na hakuniangalia usoni.