Seti ya Pili Kule Mufindi

Mwaka wangu wa pili chuoni Mbeya niliingia kwenye timu ya tenisi, si kwa uhodari, ila timu ilihitaji wasichana wanne na tuliojitokeza tulikuwa wanne. Kocha wetu, mwalimu wa hisabati, aliniambia mapema kwamba sina nguvu lakini sichoki. Kazi yangu ikawa kurudisha mpira tu mpaka mpinzani akosee mwenyewe. Tulianza na chuo kimoja cha upande wa Iyunga, tukawashinda. Waliofuata tukatoka nao sare. Mechi ya tatu ikatupeleka Mufindi, mkoani Iringa, kwenye chuo kilichozungukwa na mashamba ya chai.

Uwanja wao ulikuwa wa udongo mwekundu, mbali na majengo, chini ya mteremko, misonobari upande mmoja na chai upande mwingine. Wenyeji walitupokea vizuri, wakatupa chai na viazi, lakini niliona hawakuwa na haraka ya kuteremka. Mmoja alisema wao mazoezi hufanyia huku juu, kwenye uwanja wa mpira wa pete. Hakuna aliyeuliza kwa nini.

Mpinzani wangu alikuwa msichana mrefu, mnyamavu, anayetumia mkono wa kushoto. Seti ya kwanza alinishinda. Ya pili ilipoanza, kama saa tisa mchana, ukungu ukapanda kutoka kwenye chai. Sisi wa Mbeya ukungu tunaujua, ila ule ulikuja upesi mno. Ikapotea misonobari, kikapotea kiti cha mwamuzi, akapotea na yeye. Nikabaki nauona wavu na hatua chache mbele yake. Mpira ulitokea kwenye weupe, nikaurudisha, ukapotea, nikasikia unapigwa, ukarudi.

Nilidhani mwamuzi anahesabu ila mimi simsikii, nikaendelea. Kilichonishangaza ni kwamba mpinzani wangu alikuwa ameacha kunikimbiza huku na huku. Kila mpira ulinijia palepale, mkono wa kulia, kwa mwendo uleule, kana kwamba naye aliambiwa arudishe tu. Nikaanza kuhesabu mapigo. Nilifika sitini na kitu. Sweta lilikuwa limelowa chepechepe, na nilikuwa na furaha fulani isiyonipendeza. Sikutaka kusimama, na papo hapo niliogopa itakuwaje nikisimama.

Mkono ukanishika bega. Alikuwa rafiki yangu wa chumba kimoja, msichana wa Chimala, ambaye alikuwa amecheza kabla yangu. Mpira ukatupita, ukagonga uzio nyuma yetu.

"Unacheza na nani?" akaniuliza taratibu.

Nikamwambia, na yule mrefu. Akasema yule mrefu yuko bwaloni anakunywa chai. Mechi ilikuwa imesimamishwa muda mrefu, mwamuzi alitangaza mara mbili, wote wakapanda. Walipojihesabu ndipo walipogundua mimi sipo. Aliongea huku amenishika kiganja kwa nguvu. Tukasimama tunautazama wavu. Upande wa pili hatukusikia kitu, hata hatua za mtu anayeondoka. Tukaupanda ule mteremko kwa kutembea, ingawa najua kila mmoja wetu alitaka kukimbia.

Kocha alinigombeza kwa kutosikia tangazo, akaandika kwamba mechi yangu haikumalizika. Njia nzima ya kurudi Mbeya rafiki yangu hakuwaambia wengine alichokisikia kikigonga uzio. Hata mimi sikusema.

Wiki tatu baadaye wakaja kwetu kwa marudiano. Jua lilikuwa kali, na yule mrefu akanishinda seti zote mbili, mipira yake ikinitoa jasho kila pembe. Tulipoketi kwenye majani kuvua viatu, akaniomba radhi. Nikamwuliza ya nini.

"Mwamuzi alipotangaza nilikuita, hukunisikia," akasema. "Nikageuka niondoke, nikaona mtu ameshaingia upande wangu. Nikadhani mnafanya mazoezi, nyie kwa nyie."

"Ulimwona sura?"

"Niliona miguu tu, dada. Juu ukungu ulikuwa umeziba. Miguu na raba nyeupe, safi kabisa, na ule udongo wetu unavyochafua."

Niliangalia raba zangu, bado nyekundu kwa udongo wa kwao mpaka kwenye kamba.

Msimu ule tulimaliza tukiwa wa pili. Mwaka uliofuata ratiba ilipotoka na Mufindi ikiwemo, nilimwambia kocha goti linanisumbua, na hakunibishia. Rafiki yangu alikwenda. Aliporudi alisema hali ya hewa ilikuwa nzuri na wenyeji wakarimu, ila seti yake ya pili aliiacha katikati kwa hiari yake, akampa mwenzake ushindi, akapanda juu peke yake. Alikuwa anaongoza. Alisema tu kwamba mipira ilikuwa imeanza kumjia palepale, kwa mwendo uleule. Nilimchemshia maji ya kuoga, nikakaa nje ya mlango wa bafu mpaka alipomaliza, kwa sababu aliniomba nisiondoke.