Anayetulia Ndiye Anayebaki

Mimi si mtu wa kushangazwa na kitu. Niliacha shule darasa la nne, baba alipokufa, nikaenda bandarini Mtwara kubeba magunia ya korosho hata ndevu hazijaota. Nimemwona mamba wa Ruvuma akimvuta mtu ambaye bado ameshika ndoo yake ya maji. Nimemwona mvuvi akitoka baharini na mkono mmoja, ule mwingine umeliwa na baruti, naye anauliza kama samaki wamepatikana. Kwa hiyo anayetaka kunishangaza mimi ajipange kwanza.

Kutoka kwenye magunia nikawa fundi wa kuchomelea vyuma. Kwenye vyuma nikapata pesa ya kamera ya Kirusi, nzito kama tofali, na kwenye kamera nikapata studio yangu mwenyewe Magomeni ya hapohapo Mtwara, yenye pazia nililolichora mimi, ghorofa upande huu na ndege upande ule. Msimu wa korosho watu walipanga foleni na mashati mapya, mikunjo ya dukani bado iko kifuani. Hakuna aliyenifundisha. Hata kile kioo cheusi, ambacho leo wenye vyuo vyao wanakinunua kwa pesa nyingi, mimi nilikitengeneza kwa mikono hii.

Ilikuwa hivi. Miaka ya tisini inakwenda mwisho, mzungu mmoja mpiga picha aliniletea stendi ya kamera imevunjika mguu, anataka nimchomelee. Nilipokuwa nachomelea, akatoa kwenye mkoba kioo cha mviringo, cheusi tii, akakifunga mbele ya kamera. Nikamcheka. Nani anaivalisha kamera miwani ya jua? Akanionyesha picha: bahari haina wimbi hata moja, nyeupe, imelala kama maziwa kwenye bakuli. Akanieleza kwa Kiswahili chake cha kuungaunga. Kioo kinazuia mwanga, kwa hiyo lazima uiache kamera wazi muda mrefu, hata jua likiwa kali. Katika muda huo kinachotembea hakishiki kwenye filamu, kinapita kama moshi. Kilichotulia ndicho kinachobaki.

Hakutaka kuniuzia. Nilimwangalia akiondoka, nikageuka nikaiangalia barakoa yangu ya kuchomelea imening'inia ukutani. Nikacheka tena, safari hii peke yangu. Nikakitoa kioo chake, nikakikata mviringo, nikakibana kwenye kifuniko cha kopo la dawa ya viatu, nikakivisha kamera. Kioo kile kina rangi ya kijani, kwa hiyo nikatumia filamu ya nyeusi na nyeupe, na ukijani ukaniogopa. Ukishakifunga huoni kitu kamerani, ni giza. Kwa hiyo unapima kwanza, unakaza stendi, ndipo unavisha kioo, unabonyeza kwa waya, halafu hugusi tena kitu. Ukigusa, umeharibu.

Picha yangu ya kwanza niliipigia sokoni, asubuhi watu wamejaa. Ilipotoka, soko lilikuwa tupu. Meza zipo, mafungu ya mihogo yapo, watu hakuna. Aliyebaki ni muuza kahawa mmoja aliyekuwa amesinzia juu ya birika lake, anaonekana mpaka vifungo vya koti. Nikaitundika mlangoni. Mji mzima ulipita kuitazama.

"Fundi, wako wapi watu?" wananiuliza.

"Kioo changu kimewala," nawajibu. "Anayetikisika, kwisha. Anayetulia ndiye anayebaki."

Nililisema hilo kwenye kahawa, nikalisema stendi ya mabasi, nikalisema msibani. Likafika Likombe, likafika Naliendele, likavuka mpaka Msimbati. Maneno yangu yana miguu, siku zote yamekuwa hivyo.

Sasa, Msimbati nilikuwa na dada. Mdogo wangu wa tumbo moja, ameolewa huko na mtu mpole, msema kidogo, mwenye shamba la mikorosho na mihogo. Watoto wao mimi ndiye mjomba wao, na kwetu Wamakonde mjomba si mtu wa kuleta peremende. Watoto ni wa mjomba. Baba yao akianguka, macho yote yananigeukia mimi. Msimu ule ugonjwa wa ubwiriunga ulikuwa umekausha maua ya mikorosho ya shemeji, na salfa ya kupulizia hakuwa na uwezo wa kuinunua. Dada aliniambia mume wake amepata kibarua baharini. Kibarua gani, hakusema, nami sikuuliza.

Nilikwenda Msimbati kwa kazi ya bwana mmoja aliyekuwa anajenga nyumba ya wageni. Alitaka picha kubwa ya bahari iliyotulia, aiweke mapokezi. Nikasimamisha stendi kwenye jiwe mwisho wa ufuko, jua limeshapanda, nikapima, nikavisha kioo, nikabonyeza. Kamera ikiwa wazi ndipo nikaona mtumbwi unazunguka nyuma ya mwamba, watu watatu ndani. Na mbele yao, majini mpaka magoti, amesimama mtu na kofia ya ukindu, ameshika mti mrefu, anatazama maji. Hatikisiki hata kope. Nilimjua kwa mabega. Shemeji yangu.

Akainua mti. Mtumbwini mmoja akarusha kitu. Bahari ikajikunja, ikapasuka, mshindo ukanipiga tumboni kabla haujafika masikioni. Samaki wakaibuka matumbo juu. Mimi sikuigusa kamera. Mtu mwingine angekimbia. Mimi nilisubiri mpaka picha yangu iive, nikafunga.

Hapo ndipo waliponiona.

Kafi la kwanza lilinipata begani, la pili mdomoni, nikatema jino. Aliyepiga alikuwa mkuu wao, mtu wa mkono mmoja; ule mwingine uliishia kwenye kiwiko, na kigutu kile alikitumia kunikandamiza koo. Wenzao walikuwa wamekamatwa karibuni na doria, na kila mtu Msimbati alikuwa anamtafuta msaliti.

"Nani kakutuma?"

"Bahari tu, bwana mkubwa! Napiga bahari!"

"Mzamishe," akasema mmoja. "Mfunge hilo dude lake shingoni, azame nalo."

Shemeji akaja mbio, anarusha maji. "Msimuue! Jamani, huyo shemeji yangu! Mjomba wa wanangu huyo!"

Mkuu akamtazama, akanitazama. Akaichukua kamera akitaka kuifungua mgongo, jua liingie, filamu ife. Ningenyamaza, mambo yangeishia pale. Lakini mtu kushika kazi yangu aiharibu bure mbele ya macho yangu, hapana.

"Unaunguza bure," nikasema, damu inanitoka mdomoni. "Hamumo humo. Kioo changu kimewala wote."

Akasimama. "Ndiwe yule fundi wa Magomeni? Anayejigamba anafuta watu?"

"Ndiye mimi."

"Haya. Twende ukanisafishie hiyo filamu nione. Ikiwa kweli hatumo, wewe ni mpiga domo tu, utakwenda zako. Tukiwemo hata sikio, basi ni wewe unayetuuza, na sikio lako nitalikata hapohapo."

Wakanitupa nyuma ya pikapu yao juu ya samaki, kisu kiko ubavuni, shemeji pembeni yangu. Njiani alininong'oneza mara moja tu, "Kweli hatumo?"

"Nakuapia," nikamwambia. Na niliamini.

Chumba changu cha giza kilikuwa nyuma ya studio, upana wa kitanda. Tuliingia watano: mimi, mkuu, vijana wake wawili wa kazi na shemeji. Filamu haitaki hata chembe ya mwanga unapoitoa kwenye kamera, kwa hiyo nilizima kila kitu. Giza totoro, harufu ya samaki na jasho, na ncha ya kisu cha mkuu imetulia juu ya figo yangu. Vidole vyangu havikukosea. Nikaisafisha, nikaikausha kwa kitambaa haraka haraka, nikawasha taa nyekundu, nikaipandisha kwenye mashine ya kukuzia, nikaangusha picha kwenye karatasi, nikaitia karatasi kwenye dawa.

Picha huja polepole. Kwanza ikaja mstari wa mbali wa bahari. Ukaja mwamba. Maji yakaja meupe, laini, na pale bomu lilipopasukia palikuwa na ukungu mdogo tu, kama mtu amepumua kwenye kioo. Mtumbwi haukuwepo. Watu hawakuwepo.

Mkuu akainama, akacheka kwa sauti. "Lahaula! Kimenila kweli!"

"Nilikwambia."

"Mpaka mtumbwi! Wewe mchawi wewe." Akanipiga mgongoni kwa kigutu, kirafiki sasa. Vijana wake wakacheka. Nami nikacheka, mdomo umevimba. Fundi akisifiwa hujisahau.

Halafu katikati ya ule weupe likaanza kuja doa. Likawa kofia. Likawa mabega, likawa mti mrefu, likawa uso, na pua, na shati lenye kiraka. Shemeji yangu alikuwa amesimama peke yake katika bahari tupu, safi kuliko picha yoyote niliyowahi kupiga.

Kicheko kikafa. Mkuu akanyanyua kichwa taratibu.

"Mji mzima unajua," akasema. "Anayetulia ndiye anayebaki. Si ndiyo kauli yako, fundi?"

Nikanyoosha mkono niigeuze karatasi, kisu kikanizuia.

"Sisi wote tumeliwa. Huyu kabaki." Akamgeukia shemeji. "Ulisimama upigwe picha. Shemeji yako yuko juu ya jiwe, wewe chini umempozia. Ndiyo maana ulikuja mbio kumwombea."

"Mzee, hapana! Kazi yangu si kusimama? Nikitikisika samaki wanakimbia! Wewe mwenyewe ndiye uliyenifundisha!"

"Wenzetu wanaoza jela kwa ajili yako."

"Wallahi sikumwona hata! Nilikuwa natazama maji!"

Alisema kweli, na kila aliyekuwemo alijua namna msoma maji, yule anayewavizia samaki kwa macho, anavyosimama. Lakini karatasi ilikuwa imelala pale kwenye trei, na maneno yangu mwenyewe yalikuwa yameshaihukumu. Mmoja wa vijana akatoa panga chini ya shati. Nafasi ya kulizungusha haikuwepo, akalishusha hivihivi kama anapasua nazi. Shemeji akakinga kichwa kwa mkono wa kulia. Nikasikia sauti ambayo ukiisikia mara moja huisahau, na vidole viwili vikadondoka kwenye trei yangu ya maji.

Hapo nami nikawa mimi. Kuna dawa ya katikati, yenye siki kali, ya kusimamisha picha isizidi kuiva. Nikaibeba trei yake nzima nikammwagia mkuu machoni. Alilia kama mbuzi. Mashine ya kukuzia ilikuwa ya chuma, miguu yake niliichomelea mwenyewe. Nikaing'oa mezani nikampiga nayo mwenye panga usoni, nikasikia taya linaachia. Nikampiga tena akiwa chini, na tena. Taa nyekundu ikavunjika. Tulipigana gizani, sijui nani anauma nani, mpaka ukuta wa mabanzi ukaachia na tukamwagika uani kwenye jua, damu na dawa na harufu ya samaki.

Yule kijana wa pili akaruka ua. Jirani mmoja akaona damu, akapiga kelele: "Mwizi!"

Magomeni haiulizi neno hilo mara mbili. Walikuja na mawe, mipini ya majembe, mama mmoja na mchi wa kinu. Mkuu, kipofu wa siki, akajaribu kusimama, wakamrudisha chini kwa mateke. Nikawaacha. Lakini wakamgeukia na shemeji, kwa sababu naye ana damu, naye ananuka samaki, naye hawamjui. Jiwe la kwanza lilimpata mgongoni. Nikajitupa juu yake.

"Huyu wangu! Baba wa wapwa zangu! Huyu wangu!"

Mchi ulikuwa umeshanyanyuliwa, ulinishukia mimi. Ubavu ule mpaka leo masika unaniambia kabla ya mvua. Polisi walipofika, mkuu na mwenye panga walikuwa bado wanapumua, ila kidogo. Wakawabeba.

Shemeji alilazwa hospitali. Dada alikuja na khanga imefungwa kiunoni kwa hasira. Hakulia.

"Kaka," akasema, "baruti haikumkata. Umemkata wewe kwa mdomo."

"Nimemwokoa mimi."

"Vyote wewe. Siku zote vyote ni wewe."

Vidole vya kulia kwa mkulima ni jembe, ni panga, ni kila kitu. Kwetu jambo kama hilo halilali. Mjomba wake shemeji alikuja na wenzake wawili, wakakaa nami kibarazani hospitalini, chini ya dirisha la wodi ya shemeji, na yule mzee hakuzunguka.

"Wewe ndiye unayefuta watu," akasema. "Haya, leo tufutie hili."

"Taja," nikamwambia. Mimi sibembelezi bei.

Akataja. Matibabu juu yangu, salfa ya shamba juu yangu, vibarua wa palizi mpaka mkono upone, na fidia ya kila kidole. Nikasema sawa kwa yote. Wakawa wananyanyuka, shemeji akaongea kutoka kitandani, kwa mara ya kwanza tangu alazwe.

"Na ile picha."

Filamu ilikuwa imesalimika. Niliikuta imejisokota chini ya mabanzi. Nilidhani anaitaka aichome, nikasema nitaileta na kiberiti.

"Hapana. Nitengenezee kubwa."

Nikamtengenezea, kubwa kuliko zote, kwa mashine ya kuazima. Dada aliitazama akakunja uso, haelewi mtu kutundika janga lake ukutani. Shemeji akaweka kidole cha mkono mzima juu ya karatasi, pale picha ilipoonyesha mkono wake wa kulia umeushika ule mti. Vidole vitano. Akawaita watoto waje waone.

Mjomba wake akasema picha haipunguzi bei. Nami sikuomba ipunguzwe. Nilikiuza kioo, nikaiuza na kamera ya Kirusi, nikarudi kwenye vyuma hadi nikamaliza kulipa: shilingi laki tatu, elfu themanini na sita na mia tano.