Siku Tatu Mwambani Kasigau

Miaka michache baada ya vita vya Wajerumani na Waingereza nilikuwa nikifanya kazi stesheni ya Voi, kwenye pampu ya kujazia maji injini za garimoshi. Nyumbani tulikuwa watu kumi na mmoja katika vyumba viwili, na kazini ni moshi na kelele kutwa. Kwa hiyo kila nilipopata ruhusa nilifunga blanketi, nikachukua kibuyu cha maji na mfuko wa tende na mahindi ya kukaanga, nikaenda zangu milimani peke yangu. Nililala popote giza liliponikuta. Mama yangu, mtu wa Mombasa, hakunielewa kamwe. "Mtu huenda porini kwa haja," alikuwa akisema. "Wewe haja yako ni ipi?"

Kasigau nilikuwa nikiuona kutoka juu ya tangi la maji, mlima mmoja uliosimama pekee katikati ya nyika kama kisiwa. Mwaka huo nilipewa ruhusa ya juma zima. Nilitembea siku mbili, usiku nikijizungushia matawi ya miiba kwa hofu ya simba, nikafika kijiji cha Makwasinyi. Mama mmoja aliyekuwa akipalilia shamba lake chini ya mlima alinipa maji ya kunywa, akaniuliza naenda kwa nani huko juu. Nikamwambia siendi kwa mtu.

"Wakati huu ukungu hauondoki," alisema. "Ngoja mume wangu. Kesho atarudi, akupeleke."

Nilimshukuru, nikapanda. Kusema kweli sikutaka mtu wa kunitangulia wala wa kunizungumzisha.

Nilifika kwenye msitu wa juu adhuhuri, miti yote imevaa kuvu na inadondosha maji. Baada ya hapo ukungu ulifunga. Niliona mkono wangu na shina lililo mbele yangu, basi. Ningekaa pale pale ningesalimika, lakini niliingiwa na haraka ya kushuka. Nikaacha njia, nikakanyaga jiwe lenye ukoga wa maji, na miguu ikanitoka. Niliteleza kwa mgongo juu ya mwamba, nikishika nyasi zinazong'oka, mpaka nikatua kwa kishindo kwenye kijukwaa cha mawe.

Urefu wake ulikuwa hatua nane, na upana wake kama mkeka wa kulalia. Juu yangu mwamba ulikuwa laini, umelowa. Nilijaribu kuupanda hadi kucha zikachanika. Chini nilitupa jiwe, nikasubiri kulisikia, na lilikawia. Blanketi lilikuwa bado mgongoni, lakini mfuko wa chakula na kibuyu vilikuwa vimepotea.

Siku ya kwanza nilipiga kelele hadi sauti ikakauka. Siku ya pili sikupiga. Nilikaa nimeegemea mwamba, nikilamba maji yaliyochuruzika, nikitazama weupe ule ule usiosogea. Ajabu ni kwamba yale niliyokuwa nikiyakimbia nyumbani, watoto wakilia, shangazi akikohoa nyuma ya pazia, ndiyo niliyotamani kuyasikia. Nilihesabu hatua nane kwenda na nane kurudi, kisha nikaogopa kuhesabu, nikakaa chini tena.

Mwisho wa kijukwaa, chini ya jiwe lililojitokeza, palikuwa na mizinga miwili ya nyuki ya magogo. Ilinipa moyo, maana aliyeiweka angerudi. Lakini lini? Huenda kesho, huenda baada ya mvua. Jioni ya siku ya pili njaa ilinishinda. Nilizibua mzinga mmoja, nikatia mkono. Nyuki walikuwa wazito kwa baridi, lakini hawakukosa nguvu za kuuma. Nilikula masega na vidole vimevimba, nikilia.

Asubuhi ya siku ya tatu ukungu ulipasuka. Chini, mbali, niliona shamba na mtu ameinama. Nilivua kanzu yangu, nikaipunga mpaka mabega yakafa ganzi. Yule mtu aliinuka, akatazama, kisha akakimbia.

Jua lilikuwa limepita utosini niliposikia sauti ya mwanamume juu yangu.

"Wewe nani huko?"

"Mtu wa Voi, mzee. Nimeanguka."

"Wenzako wako wapi?"

"Sina wenzangu. Niko peke yangu."

"Hakuna mtu anakuja hapa peke yake bure. Mizinga yangu umegusa?"

Hapo nilijua kwamba kamba ya kunitoa ilikuwa mkononi mwake. Uongo ulifika hadi kwenye ulimi. Lakini mkono wangu uliovimba ungenisaliti, na nilikuwa nimechoka mno hata kutunga neno.

"Nimeugusa mmoja," nilisema. "Nimekula."

Nikasikia sauti ya mwanamke, yule mama wa shambani, akimsemesha mumewe kwa Kidawida, lugha yao. Kisha kamba ya katani ikashuka, ikanigonga bega.

"Funga kwapani," yule mzee alisema. "Usifunge kiunoni, utapinduka."

Nilipofika juu hakunipa mkono. Alinitazama, akavua shuka lake, akanifunika. Mkewe alinilisha uji kwa kata, kidogo kidogo, kama mtoto. Nilikaa kwao siku nne, nikachonga mzinga mpya kufidia ule niliouzibua, chini ya macho ya yule mzee, na kila nilipokosea alinichorea upya kwa mkaa mstari wa kufuata. Nilichelewa kazini, nikashushwa kutoka kwenye pampu, nikapewa kazi ya kupakua kuni.

Nyumbani sikueleza mengi. Ila kwa miezi kadhaa sikuweza kulala mlango wa chumba ukiwa umefungwa, bila kuwasikia wengine wakipumua upande wa pili. Mama aliusukuma wazi kidogo, akaweka jiwe usijifunge, akahamishia mkeka wake karibu na kizingiti.