Uyoga wa Bibi wa Ghorofa ya Juu

Mwaka wetu wa kwanza ughaibuni, katika mtaa wa Rågsved, majani yalipoanza kupukutika, nilikuta mfuko wa karatasi umening'inizwa kwenye kitasa cha mlango wetu. Ndani mlikuwa na uyoga wa manjano, bado una udongo wa msituni. Aliyeuleta nilimwona akipanda ngazi haraka: bibi wa ghorofa ya juu, aliyeishi peke yake, na ambaye kila tulipokutana kwenye ngazi alitazama viatu vyangu akapita. Leo ananiletea chakula? Kwa lipi? Nilikuwa na mimba ya mwanangu wa kwanza, na sikuwa tayari kula kitu kilichotupwa mlangoni kama mzigo wa wizi.

Mume wangu aliporudi kutoka kazini Märsta, aliuchungulia mfuko akachekelea. "Huu sokoni wanauza ghali kweli. Kaanga tule, mama."

"Nani kauonja?"

Kwetu Morogoro mwenye chakula hutangulia kuonja mbele ya mgeni, aondoe shaka. Huyu alitundika akakimbia.

"Basi mwite aje aonje," mume wangu akatania. Mimi sikutania. Nilipanda ngazi nikamkaribisha chakula cha jioni.

Alikuja amevaa gauni la kutokea, nywele kazichana vizuri. Nilikuwa nimekaanga uyoga kwa siagi na vitunguu, nikasonga ugali wa semolina. Nikampakulia, nasi tukapakua, tukakaa tu. Akauliza kwa nini hatuli. Mume wangu akainama kuficha kicheko. Nikamwambia, bila kupepesa, kwamba kwetu mgeni ndiye huanza, na wenyeji hawagusi kitu mpaka afike nusu ya sahani. Ni heshima, nikasema.

Alifurahi mno. Akala taratibu, huku nikimchunguza midomo, jasho, mboni za macho. Alimaliza sahani yote. Nikasubiri kidogo zaidi, ndipo tukala. Ulikuwa mtamu, na jambo hilo liliniudhi.

Wiki iliyofuata akatualika kwake. Mezani palikuwa na viazi vya kuchemsha na uyoga mwingine, safari hii mweusi tii, umejikunja kama ngozi iliyoungua. Uyoga wa rangi ile kwetu hata mbuzi angeukwepa. Nikangoja aanze. Hakuanza. Aliweka mikono mapajani, akatutazama kwa tabasamu.

"Nimekumbuka desturi yenu," akasema. "Wageni kwanza."

Mume wangu akatazama sahani yake, kisha akanitazama mimi, maana uongo ulikuwa wangu. Nilifikiria kusingizia tumbo. Nilimfikiria mwanangu. Kitambaa cha meza kilikuwa kimepigwa pasi, na sahani zilikuwa zile za maua za kuwekea wageni. Mtu anayetaka kuua hapigi pasi kitambaa, nikajiambia. Halafu nikajiambia pengine huyo hasa ndiye anayepiga.

Nikachukua uma, nikala, nikimkazia macho, ili nikifa asipate usingizi tena maishani. Nilipofika nusu ya sahani, yule bibi alishusha pumzi akaanza kula, kwa pupa ya mtu aliyekaa miaka bila wa kula naye.

Nikamsogezea sahani yangu, aniongeze.