Bakuli Halirudi Tupu

Habari za kifo chake zilinikuta nimeshika bakuli lake. Nilikuwa nimesimama kwenye barabara ya vumbi huko Mtwivila, hapa Iringa, na ndani ya bakuli mlikuwa na chumvi niliyotoka kupewa na mama mmoja tuliyefahamiana asubuhi ileile. Simu ikaita. Alikuwa mwenye nyumba wangu wa Kihesa, mtu ambaye hunipigia mwisho wa mwezi tu, na siku hiyo haikuwa mwisho wa mwezi. "Dada, Mama Uholanzi ametutoka," akasema. "Alikaa jikoni kusubiri chai ichemke, hakuinuka tena." Nilitazama bakuli. Nilitazama pagale lililokuwa mbele yangu, nyumba isiyo na paa wala madirisha, ambayo kwa wiki kadhaa nilikuwa nashindwa kuamua kama niinunue au niiache. Na swali la kwanza lililonijia, naomba mnisamehe, halikuwa kuhusu maisha na mauti. Nilijiuliza: sasa hili bakuli namrudishia nani?

Wasomaji wangu wa siku zote mnaujua udhaifu wangu. Mimi ndiye niliyewahi kuandika safu nzima nikijiuliza kama ni adabu kupunga mkono unapoaga kikao cha mtandaoni. Nina shahada, nina kazi, na nina kichwa kinachokataa kuzimwa. Sasa mtu wa namna hiyo mpe shughuli ya kununua nyumba, uone. Lile pagale nililipenda siku ya kwanza, na kwa sababu nililipenda nikaanza kulishuku. Nilikwenda kupima upepo unatoka wapi, jua linazama upande gani, na kipaza sauti cha kanisa kinasikika mpaka wapi. Nilimuuliza dalali barabara ya lami iko umbali gani. "Dakika tano tu, dada." Nikamuuliza, dakika tano kwa mguu au kwa gari? Akafikiri kidogo. "Inategemea na haraka yako." Kisha akaniuliza mume wangu atakuja lini kuiona nyumba, na nilipomwambia sina mume, wakatazamana na fundi aliyekuwa naye kama watu waliopata msiba mdogo.

Mama yangu mzazi, aliyeko Mbeya, naye alikuwa na msimamo wake. "Njoo Uyole, mwanangu," alisema kwenye simu. "Ardhi ya huku ukichomeka fimbo inaota. Huko Iringa kuna nini zaidi ya upepo na mawe?" Na kweli, Uyole kuna kiwanja kizuri, kuna ndugu zangu, na kuna tope ambalo nimelizoea tangu utotoni. Iringa kuna kazi yangu na maisha niliyojitengenezea mwenyewe. Akiba yangu ilitosha kukosea mara moja tu. Mwenye pagale alishasema kuna mtu mwingine anayelitaka na anataka jibu Jumamosi. Nilichokiogopa hasa, na sikumwambia mtu, hakikuwa ufa wa ukuta wala bei. Niliogopa kuhamia mahali, nikafunga geti langu, nikazeeka humo ndani bila mtu wa kujua kama nimeamka.

Mama Uholanzi peke yake ndiye niliyemwambia. Tulikuwa tumepakana kwa nyuma pale Kihesa, jiko lake likitazamana na dirisha langu. Alikuwa muuguzi mstaafu, Mhehe wa Kalenga, lakini mtaa mzima ulimwita Mama Uholanzi kwa sababu aliwahi kuishi huko miaka kadhaa kwa binti yake. Kila asubuhi aliniamkia dirishani kwa Kihehe, "Kamwene, Mnyakyusa! Umeamka au bado unafikiria?" Nami namjibu, "Shikamoo mama, nimeamka nikifikiria." Alinitania kwamba sisi bila ndizi tunaugua, nami nikamtania kwamba wao bila baridi wanakosa la kuzungumza. Siku nilipomweleza habari za pagale, alinisikiliza mpaka mwisho, upepo, jua, kipaza sauti na yote, huku akipepeta ulezi. Kisha akauliza, "Na majirani umewauliza nini?"

"Niwaulize nini, mama?"

"Chumvi."

Nilidhani sijasikia vizuri. Akaingia ndani, akatoka na bakuli la bati, jeupe lenye maua mekundu, pembeni limebanduka rangi. "Nenda na hili ukaombe chumvi. Mchana lakini! Ukiomba chumvi usiku watasema mchawi kahamia." Nikamuuliza chumvi inahusiana vipi na kununua nyumba. Ndipo akanisimulia habari za Utrecht, mji ambao yeye aliutamka "Utirekiti" bila aibu yoyote.

Alikwenda huko kumlea binti yake aliyejifungua, akawakuta yeye na mumewe wanatafuta nyumba ya kununua. Alisema nyumba za kule zimebanana kama vitabu kwenye rafu, na ngazi zake zimesimama wima kama za kupandia darini. Mnaingia kuangalia kwa muda mfupi, huku nyayo za wanunuzi wengine zikisikika nyuma yenu, halafu kila mmoja anaandika bei yake kwa siri bila kujua mwenzake kaandika nini. "Mnada wa watu wasioonana," alisema. "Kwetu hata mbuzi hanunuliwi hivyo." Mkwewe aliuliza habari za msingi, maana nchi ile sehemu kubwa iko chini kuliko bahari. Binti aliuliza habari za shule. Yeye alimwomba binti amtafsirie swali moja tu kwa dalali aliyevaa suti: majirani ni watu gani? Dalali akatabasamu, akasema ni watulivu sana. "Watulivu!" Mama aliacha kupepeta. "Hata makaburi ni matulivu."

Nyumba wakaipata. Wiki waliyohamia akakaanga maandazi, akayajaza kwenye bakuli lile la bati alilotoka nalo Iringa, akampelekea jirani, bibi mmoja mrefu aliyeishi peke yake. Bibi akapokea kwa furaha. Kesho yake bakuli likakutwa limening'inizwa kwenye kitasa cha mlango ndani ya mfuko wa karatasi, limeoshwa, linang'aa, halina kitu. Ninyi mliolelewa kwetu mnajua hilo lina maana gani. Sahani ya jirani hairudi tupu; utaweka hata yai, hata maharage mabichi, hata kitunguu kimoja. Kurudisha tupu ni kusema tumemalizana. "Nililia, mwanangu," alisema. "Na limeoshwa! Lingekuja chafu ningesema kasahau. Limeoshwa, maana yake kafikiria." Siku hiyo ndipo nilipogundua kwamba nilikuwa nimepakana na mtu wa kabila langu halisi, kabila la wasiolala kwa ajili ya jambo dogo.

Alimwambia binti yake nyumba iuzwe, wamenunua ugomvi. Binti akamweleza kwamba huko hiyo ndiyo adabu yao, chombo safi ni heshima. "Heshima tupu hailiwi," mama akajibu, akapika chapati, akapeleka tena. Likarudi tupu tena, linang'aa zaidi. Basi safari iliyofuata hakuliacha. Alisimama mlangoni kwa yule bibi akiwa na bakuli tupu, na kwa kuwa lugha hawakuwa nayo, akasema kwa mikono: akaonyesha bakuli, akajionyesha mwenyewe, akaonyesha jiko la yule bibi, akageuza bakuli juu chini na kutikisa kichwa kwa huzuni kama mtu aliyefiwa. Bibi alitazama weee, halafu akaanza kucheka mpaka akashika fremu ya mlango. Akaingia ndani, akafungua kopo, akatoa biskuti, akaiweka kwenye bakuli.

"Moja?" nikauliza.

"Moja! Na kopo akalifunga, mwanangu. Nilisikia mfuniko: ko!"

"Na wewe ukafanyaje?"

"Nikalipokea bakuli kwa mikono miwili. Siku ile ndipo tuliponunua nyumba. Yale ya benki yalikuwa makaratasi."

Nimelifikiria sana hilo neno, kama mjuavyo. Rika langu tunanunua mahali pa kuishi kwa picha za simu. Tunauliza umeme, maji, lami na hati, na tunauliza sawasawa, maana matapeli ni wengi. Lakini tunajenga ukuta kabla ya nyumba, tunaupandia vipande vya chupa juu, halafu tunashangaa mtaa hautusalimii. Kazi yangu hunipeleka Madibira mara kwa mara, kwenye mashamba ya mpunga, na huko nilimuuliza mama mmoja wa Kisukuma, ambaye ukoo wake ulishuka na ng'ombe kutoka kaskazini, waliichaguaje sehemu ile katika bonde zima la Usangu. "Tulifuata majani," akasema. Kisha akajirekebisha. "Majani yako kila mahali. Tulifika tumelowa na mvua, jirani akatuletea kaa la moto. Wanaume wakasema twende mbele kidogo. Mimi nikasema nimeshapika." Hapo nilicheka tu, sikujua kwamba nimefundishwa somo ambalo nitalipia ada baadaye.

Basi nikaenda Mtwivila na bakuli. Nilisimama mbele ya nyumba iliyopakana na pagale nikiifanyia mazoezi sentensi ya maneno mawili. Akatoka mama mnene aliyejifunga khanga juu ya sweta. "Kamwene." "Kamwene, mama, shikamoo. Naomba chumvi." Alinitazama viatu, akatazama bakuli. "Unatokea wapi?" Nikasema Kihesa. "Umetoka Kihesa mpaka huku kuomba chumvi? Maduka ya huko yamefungwa?" Ikabidi niseme ukweli. Mama akapiga makofi. "Kumbe ndiye wewe unayekuja kulipiga picha hilo pagale! Sisi tulishasema huyu ni wa idara ya barabara, anakuja kutuvunjia nyumba. Watu hawalali!" Akanivuta ndani kwa mkono, akanimiminia chai, na kabla sijauliza lolote kuhusu ile nyumba akaniambia kila kitu. Kwamba masika yakiwa makubwa maji hupita kwenye kona ile. "Mwenyewe hakukuambia? Simsemi vibaya, anataka kuuza. Ila chimba mtaro kwanza, bati baadaye. Na mtaro wako uuelekeze kwangu, nina migomba yangu hapo nyuma."

"Migomba, Iringa hii yenye baridi?"

"Inakataa. Naibembeleza."

Akanijazia chumvi mpaka juu. Nilitoka pale nikiwa na hamu moja tu, kurudi Kihesa kumwambia Mama Uholanzi kwamba nimempata mtu anayebembeleza migomba. Ndipo simu ilipoita.

Mazishi yalisubiri binti yake afike kutoka Utrecht. Siku aliyofika nilikwenda msibani na bakuli, chumvi yake ikiwa bado ndani, kwa sababu sikujua la kufanya nayo na nilikuwa nimeshafikiria yote yanayoweza kufikiriwa. Nyuma ya nyumba akina mama walikuwa wanapika. Mmoja akaonja maharage kwenye sufuria kubwa, akakunja uso. "Hivi nani ametumwa chumvi? Huyu mtoto kaenda kuichimba?" Nikanyoosha mkono. Akalichukua bakuli bila kuniuliza, akamimina yote, akakoroga, akaonja, akaitikia kwa kichwa. Chumvi ya Mtwivila ikaliwa na Kihesa nzima. Marehemu angeisimulia hiyo mwaka mzima.

Baadaye, vyombo vikioshwa, binti akaliona bakuli kwenye beseni. Alilitambua kabla sijafungua mdomo. Nikamweleza lilivyofika kwangu, kuhusu pagale, kuhusu chumvi, kuhusu Jumamosi, nikaona naongea sana nikanyamaza. Akalifuta kwa kitenge chake, akaingia nalo ndani, nami nikabaki nimesimama nikidhani nimemuudhi. Alirudi amelishika kwa mikono miwili. Ndani yake kulikuwa na biskuti moja.

"Na kopo nimelifunga," akasema.

Tulicheka, halafu hatukucheka tena, akaniegemea begani. Akaniambia nibaki na bakuli. Yule bibi wa Utrecht bado yupo, akasema, ni mzee sana sasa, na siku aliposikia habari alikuja mlangoni na sahani ya keki, nzima, haijakatwa.

Jumamosi nilimpigia mwenye pagale, nikamwambia naichukua nyumba na yeye apunguze kwa ajili ya mtaro. Alishangaa nimeyajuaje maji ya masika. Kisha nikampigia mama yangu wa Uyole, nikamsimulia yote. "Kwa hiyo umenunua nyumba kwa sababu ya chumvi," akasema. Nikasema ndiyo. "Haya. Lete hilo bakuli huku nami nilijaze viazi."

Atasubiri kidogo, kwa sababu kwanza linakwenda Mtwivila. Nimeagiza ndizi za kwetu Tukuyu, na nimewaza usiku kucha kama kumpelekea ndizi mtu anayebembeleza migomba ni zawadi au ni kejeli. Pengine nitakosea. Ufa wa ukuta nimeshapata fundi wa kuuziba, upepo sitauweza, na kipaza sauti cha kanisa nitakizoea. Hayo mengine hayana dalali wala hati. Yanakwenda na kurudi kwenye chombo cha bati. Na bakuli likirudi limeoshwa, linang'aa, halina kitu, sitauza nyumba. Nitalijaza tena.